Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Kiwanda cha Mapambo ya Sikukuu

Anayetaka kuandika historia ya kiwanda cha mapambo ya sikukuu hukutana mapema na ugumu mmoja: bidhaa zilikusudiwa zitumike kwa majuma machache, na watu wachache waliona haja ya kutunza karatasi zake. Kwa hiyo ni vyema kuanza na mapambo yenyewe, pamoja na masanduku yaliyoyabeba, kabla ya kusoma yale ambayo kampuni ilijisimulia katika matangazo yake. Mfano mzuri wa kujifunzia ni Shiny Brite, chapa ya Marekani ya mipira ya kioo ya mti wa Krismasi, iliyoanzishwa na Max Eckardt mwaka 1937.

Chukua mpira mmoja, uushike kwa uangalifu, na utazame kwanza kifuniko kidogo cha juu kinachoshika kulabu. Katika mipira ya kabla ya Vita Kuu ya Pili kifuniko hicho ni cha chuma, na ndani ya kioo mna rangi ya fedha inayokifanya kimetemete. Vita vilipoingia, chuma na kemikali za kutilia rangi hiyo vilihitajika kwingine. Kiwanda kikaanza kutoa mipira ya kioo kitupu, kinachoonekana hadi ndani, yenye mistari myembamba ya rangi kwa nje, na kifuniko kikawa cha kadibodi. Baada ya vita chuma kikarudi. Mpira wenye kifuniko cha kadibodi, ikiwa hakikubadilishwa na mwenyewe, unakueleza kipindi chake kwa uhakika kuliko kumbukumbu ya aliyeurithi, na binafsi nauthamini kuliko mipira mingi inayong'aa, kwa kuwa unaonyesha jinsi wafanyakazi walivyoendelea na kazi vifaa vilipokosekana.

Hatua inayofuata, ambayo waandishi wengi huiruka, ni kutenganisha aliyetengeneza, aliyepamba na aliyeuza. Jina lililo kwenye sanduku linaweza kuwa la mmoja tu kati yao. Kabla ya vita mapambo mengi ya kioo yaliyouzwa Marekani yalitoka Ujerumani, hasa katika mji wa Lauscha, ambako mafundi waliyapuliza kwa mdomo majumbani mwao, na Eckardt mwenyewe alikuwa mwagizaji wa bidhaa hizo. Alipoona vita vinakaribia, aliishawishi kampuni ya vioo ya Corning ijaribu kazi hiyo kwa mashine yake ya utepe huko Wellsboro, Pennsylvania. Mashine hiyo ilibuniwa kwa ajili ya balbu za taa: kioo kilichoyeyushwa hutandazwa kama utepe mrefu unaosafirishwa juu ya sahani zenye matundu, kisha hewa hukipuliza ndani ya kalibu zinazofuatana bila kusimama. Kufikia 1940 Corning ilikuwa ikitoa takriban mipira 300,000 kwa siku, mingi ikipelekwa kwa Eckardt ipambwe, na maduka ya Woolworth yakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Ukiandika kwamba Shiny Brite ilipuliza vioo vyake yenyewe, utakuwa umeifuta Corning katika historia ambayo isingewezekana bila mashine yake.

Sanduku nalo lisomwe neno kwa neno. Tangu 1891 sheria ya ushuru ya Marekani iliagiza bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na majina ya nchi yana mipaka ya miaka: Ujerumani Magharibi ilikuwepo kuanzia 1949 hadi 1990, na maandishi “Occupied Japan” ni ya kipindi cha Japani kukaliwa kijeshi, kilichokoma 1952. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano haiwezi kuwa ya kabla ya 1963.

Hapo ndipo ugeukie nyaraka. Hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, huonyesha tarehe na majina ya wabunifu. Katalogi za wauzaji wa jumla huonyesha kilichouzwa msimu fulani. Magazeti ya mji wa kiwanda huripoti moto, migomo na upanuzi. Mtafute pia mwanzilishi nje ya biashara yake. Martin Luther Beistle, aliyeanzisha mwaka 1900 huko Pittsburgh kampuni iliyohamia baadaye Shippensburg na kujulikana kwa mapambo ya karatasi laini yanayofunguka kama sega la nyuki, alikuwa pia mtaalamu wa sarafu, na mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu nusu dola za Marekani. Anayepekua maandishi ya wakusanya sarafu anaweza kukuta habari zake ambazo hazimo katika zile za mapambo.

Uwe macho na majina yaliyofufuliwa. Miongo kadhaa baada ya kiwanda cha Eckardt kufungwa, mbunifu wa mapambo Christopher Radko alilirudisha jina la Shiny Brite kwa mapambo mapya ya mtindo wa zamani, na masanduku yake yanaweza kumpoteza asiyechunguza. Piga picha ya kifuniko, ya kila upande wa sanduku na ya maandishi yote, kisha kwa kila kitu andika mwaka wa mapema kabisa na wa mwisho ambao kinaweza kuwa kilitengenezwa, pamoja na ushahidi unaothibitisha kila mpaka.