Namna ya Kusoma Mahame Yaliyo Kwenye Mteremko wa Kilima

Mahame ya mlimani yana ugumu ambao yale ya tambarare hayana: vitu vyake havitulii pale vilipoachwa. Mvua huburuta udongo, mifugo huangusha mawe, na kigae cha chungu kilichovunjikia jikoni juu kilimani huweza kuokotwa korongoni karne kadhaa baadaye. Kwa hiyo anayeanza kwa kuhesabu vigae atapotoka. Aanze na ardhi yenyewe, yaani pale ilipokatwa, ilipojazwa na ilipozuiwa kwa mawe.

Nenda mwishoni mwa kiangazi nyasi zikiwa fupi, ukiwa na ruhusa ya wenye ardhi, na uwepo kilimani asubuhi mapema au jioni, kwa maana jua likiwa chini hata mwinuko wa kimo cha kiganja hutupa kivuli. Kabla ya kupanda, simama ng'ambo ya bonde uutazame mteremko mzima, ukitafuta mahali unapokatika ghafla kuwa ngazi. Njia za ng'ombe na mbuzi nazo huchora ngazi, lakini ni nyembamba mno, hazitoshi hata kumlaza mtu. Matuta ya kilimo ni marefu na huzunguka kilima kwa usawa mmoja, ilhali kiwanja cha nyumba ni kifupi, na mara nyingi kina vingine jirani yake.

Ukikifikia kiwanja, chuchumaa ukikague kwa utulivu, kwani hapa ndipo penye habari nyingi kuliko mahali pengine popote. Upande wa juu utakuta kilima kimechimbwa. Udongo uliotolewa hapo ulimwagwa upande wa chini, ukazuiwa kwa ukuta wa mawe ili sakafu iwe sawa. Mawe yaliyopangwa na mtu huegemea kilimani, nyuso zake bapa zikiangalia nje na mawe madogo yakiwa yameshindiliwa katika mianya, tofauti na yale yaliyoporomoka, ambayo hulala ovyo. Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, ni mfano bora: chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wakulima wa kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga nyumba zao juu ya viwanja vya mawe vilivyopangwa mteremkoni, na chini yake wakaacha mashamba ya umwagiliaji yenye ukubwa wa takriban hekta 2,000.

Hata hivyo, si kila kiwanja kilikuwa nyumba. Wachoma mkaa nao husawazisha mteremko, ila kiwanja chao kwa kawaida ni cha mviringo, udongo wake ni mweusi uliojaa vipande vya mkaa, na vigae ni nadra. Nyumba huonekana kwa meko, yaani sehemu ndogo ya udongo ulioiva kwa moto ukawa mwekundu, na kwa mawe ya kusagia. Angalia mimea pia: majivu na samadi huacha fosforasi ardhini kwa muda mrefu sana, hivyo majani hustawi zaidi palipokuwa na zizi au jaa.

Sasa vigae vina kazi. Shika kimoja, pitisha kidole ukingoni: kikiwa na makali, huenda hakijasafiri mbali, kikiwa kimelainika kama kokoto, maji yamekiviringisha, na asili yake itafutwe juu zaidi. Kisha kirudishe palepale.

Katika kurekodi, tembea kwa kufuata usawa wa kilima badala ya kupanda na kushuka, ukipe kila kiwanja namba, upime urefu na upana wake, uandike mwelekeo wa dira, na upige picha yenye rula ndani yake. Usichimbe. Katika nchi nyingi kuchimba bila kibali ni kosa, na zaidi ya hayo makaa ya meko, ambayo wataalamu huyapima umri kwa kaboni, hupoteza thamani yake yakichanganywa na udongo wa juu. Nakala ya ramani yako ipeleke kwenye makumbusho au ofisi ya mambo ya kale, ukiwa umetia alama kila ukuta unaoliwa na mmomonyoko, na mvua zikiisha urudi kuzipiga picha kuta hizo ukiwa umesimama mahali palepale.