Njia hii ikifungwa, nani anabaki upande gani? Kupima mtaa wa Goma kwa nukta na mistari

Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hadi Ziwa Kivu, ikaugawa mji. Hesabu ya leo inatafuta jambo dogo kuliko hilo: kipande gani cha njia kikifungwa kinatenganisha nyumba nyingi zaidi?

Hatua ya 1. Chukua avenyu (mitaa midogo) chache tu. Kartie nzima, yenye avenyu nyingi, itakuchosha. Pakua majengo na njia kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ufungue kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani.

Hatua ya 2. Nyumba iwe nukta, makutano yawe nukta, kipande cha njia kiwe mstari. Kazi yenyewe iko hapa. Programu ukiiachia itavuta mstari ulionyooka kutoka nyumba hadi barabara iliyo karibu, hata kama katikati pana ukuta wa mawe ya lava. Mimi niliiachia, na jirani yangu akawa anatokea moja kwa moja barabara ambayo kila siku anaifikia kwa kuzunguka dakika kumi. Siku hizi naunganisha nyumba kupitia geti lake. Geti nisilolijua naenda kuliona kwa miguu.

Hatua ya 3. Mpe kila mstari uzito wa dakika, usitumie mita. Chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) yenye mzigo ikiteremka kuelekea Birere, mtaa wa Goma, ni mbio. Kupanda ni kusukuma. Kwa hiyo njia moja hubeba uzito wa aina mbili, wa kwenda na wa kurudi.

Hatua ya 4. Tafuta njia fupi kati ya kila jozi ya nyumba kwa kanuni ya Dijkstra ya 1959, ile inayotafuta njia yenye dakika chache zaidi. NetworkX, maktaba ya lugha ya kompyuta ya Python, inayo tayari.

Hatua ya 5. Kata. Futa mstari mmoja, hesabu jozi zilizobaki zinafikiana, urudishe, ufute mwingine. Jaribu kwanza kwa kalamu: nyumba 5 huku, 5 kule, kijia kimoja katikati. Jozi zote ni 10 × 9 ÷ 2 = 45. Kikifungwa kijia, zinapotea 5 × 5 = 25, zinabaki 20. Kwa nyumba 400 na 600 zinapotea 240,000. Barabara pana yenye lami mara nyingi haipotezi kitu, kwa sababu ina njia za kuizunguka. Kichochoro ndicho kinachoua.

Hatua ya 6. Chora kijia cha pili, kisha ukate tena kile cha kwanza. Jozi zote 45 zitafikiana tena, ila dakika zitaongezeka. Dakika hizo ndizo za kumpelekea shefu (kiongozi) wa avenyu.