SOMO: Kuitambua pikipiki ya kale kwenye picha ya zamani, anzia kwenye tenki usianzie kwenye jina

Wadau habari zenu. Huku kwetu kanda ya ziwa ukimuonyesha mtu picha ya babu yake kakaa juu ya pikipiki, jibu ni lile lile, "hii ilikuwa ya Mjerumani". Sasa Mjerumani Mwanza aliondoka Julai 1916 Waingereza walipouteka mji, na picha nyingi ninazoletewa zina pikipiki ambazo mwaka huo hata kiwandani hazijaanza kutengenezwa. Simulizi ya familia itunzeni, ila mashine muiache ijitaje yenyewe. Na inajitaja kwa umbo, sio kwa jina la kwenye tenki, maana tenki linapakwa rangi, linabadilishwa, fundi anafunga lililopo.

Hatua ya 1, picha yenyewe. Usiibandue kwenye albamu kwa nguvu, gundi ya zamani inang'oka na uso wa picha. Ipige na simu karibu na dirisha ila sio juani, flashi zima, au peleka stesheneri, duka la kutoa kopi, wenye skana wakuwekee ukali wa dpi 1200 maana kile kipande unachokitafuta mara nyingi ni kidogo kuliko kucha. Geuza uone nyuma kama kuna mhuri wa studio au maandishi ya penseli. Alafu hakikisha haijasafishwa kinyume, yaani kushoto kuwa kulia: soma namba ya pikipiki, au angalia shati la mwanaume, ubavu wa kushoto wa aliyevaa ndio unalalia juu ya ule wa kulia. Ikiwa kinyume igeuze kwanza, la sivyo utatafuta injini ambayo haipo duniani.

Hatua ya 2, tenki. Hapa ndio penye uchumi wote, msipapite haraka. Kama tenki ni jembamba, la pembe pembe, limebanwa katikati ya vyuma viwili vya fremu, chuma kimoja juu yake na kingine chini, hiyo ni ya kabla ya 1930 kwa uhakika mkubwa. Kama tenki limenona, la duara, limekaa juu ya fremu limeikumbatia na chuma cha juu hukioni, basi kwa pikipiki za Uingereza upo 1928 kuja mbele, maana miaka ya 1928 na 1929 karibu viwanda vyao vyote vilihama. Kwa hicho kitu kimoja tu ushakata miaka nusu. Angalia na mkono wa gia, ukiwa umesimama ubavuni mwa tenki ni wa kubadilisha kwa mkono, gia za mguu zimeenea miaka ya 1930.

Hatua ya 3, miguu ya mbele inayoshika tairi. Shokapu za bomba kama hizi za bodaboda ukiziona, mara nyingi ni baada ya 1945, ingawa BMW walianza 1935 na Matchless ya jeshi 1941. Ukiona vyuma vyembamba vimeungwa pamoja na springi moja kubwa juu mbele ya usukani, ni ya kabla ya hapo au ya vita. Indian ya Marekani unaijua haraka, ina springi za bapa zimepangana juu ya madigadi ya mbele, aina ile ile ya kwenye lori. Harley-Davidson yenyewe springi zake zimesimama mbele ya usukani. Triumph H ya vita ya kwanza, ambayo zilitengenezwa kama 30,000 kwa ajili ya majeshi, springi yake imelala.

Hatua ya 4, injini. Silinda moja imesimama na hakuna bomba nyembamba za kupanda juu kwenye kichwa, hiyo mara nyingi valvu zake ziko ubavuni. Silinda mbili zimepanuka umbo la V, fikiria Harley, Indian, au za Uingereza. Silinda mbili zimelala, moja inatazama mbele nyingine nyuma, ni Douglas karibu kila mara. Zikitokeza kushoto na kulia na cheni huioni, mara nyingi ni BMW, walianza hivyo 1923.

Mengine haraka haraka. Mkanda badala ya cheni kwenda tairi la nyuma, au pedeli za baiskeli, ni ya zamani kweli kweli. Taa yenye kitanki cha maji juu yake ni ya mawe ya kabaidi, yale ya mafundi wa kuchomelea. Na rangi msiiamini: filamu za zamani zilikuwa hazioni nyekundu, kwa hiyo tenki jekundu linatoka jeusi kabisa na la bluu linatoka karibu jeupe.

MASWALI

Mdau wa Ukerewe: Mkuu yangu tenki lina nembo ya bunduki tatu zimeegemeana, ila pikipiki ni ndogo, babu magoti yamepanda juu. Bibi anasisitiza ni ya Mjerumani.

Jibu: Bunduki tatu ni BSA, kampuni ya Uingereza. Kama injini ni fupi, shokapu za mbele ni za bomba, hiyo ni Bantam, injini ya cc 125, imeanza 1948. Na bibi mpe heshima yake, michoro ya Bantam ilitoka kwenye DKW RT 125 ya Ujerumani, Waingereza waliichukua baada ya vita.

Dada wa Nyakato: Picha haina mwaka, ila nyuma yao ni stesheni ya treni ya hapa Mwanza, inasaidia?

Jibu: Sana dada. Reli kutoka Tabora imefika Mwanza 1928, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ila kumbuka mandhari yanakupa mwaka wa picha, sio wa pikipiki, mashine ya 1925 watu waliendesha mpaka miaka ya hamsini.

Mdau wa Magu: Mimi picha ipo na mabaki ya chuma yenyewe yapo nyuma ya nyumba, injini na fremu. Naanzia wapi?

Jibu: Kaka una bahati, usipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tafuta namba chini ya silinda kwenye bloku ya injini, na nyingine kwenye fremu karibu na shingo ya usukani. Ikianza na WM20 ni BSA ya jeshi ya vita ya pili, hizo M20 zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Usipige msasa wala tindo, paka mafuta ya taa iloweke usiku mzima, sugua na brashi ya nywele, alafu weka karatasi juu yake upitishe penseli, namba itatokea. Ikitoka tuma hapa pamoja na picha tuzilinganishe.