Kutundika Vifaa vya Bafuni kwa Tepe za Gundi Bila Kutoboa Ukuta

Mpangaji anayehitaji mahali pa kutundika taulo hujikuta na njia mbili, na ile ya drili ina hasara yake. Kigae kikitobolewa na mkono usiozoea hupasuka, na kigae cha rangi ile ile huenda kisipatikane tena madukani, hivyo tundu moja la kulabu linaweza kukatwa kwenye amana siku ya kurudisha funguo. Njia ya pili ni tepe za gundi, ambazo kampuni ya 3M ya Marekani ilianza kuziuza kwa jina la Command mwaka 1996, na ambazo siku hizi zina waigaji wengi. Watu wengi huzilaumu kwamba hazishiki, lakini mara nyingi kosa huwa katika maandalizi ya ukuta na katika haraka ya kutundika.

Kabla ya kulipa, geuza pakiti uangalie mambo mawili. Kwanza, utepe uwe na ulimi mdogo usio na gundi unaochungulia chini ya kulabu, kwa sababu utepe wa namna hiyo ukivutwa hurefuka na kuwa mwembamba, na gundi yake huachia ukuta yenyewe. Utepe wa sponji wenye gundi pande mbili, usio na ulimi, hushika vizuri pia, ila kuuondoa ni kazi ya kukwangua, na ukuta wa rangi hauvumilii kukwanguliwa. Pili, pakiti ieleze kwamba tepe ni za bafuni, kwa maana zile za kutundikia picha sebuleni hulegea zikikutana na mvuke na maji ya kila siku.

Sehemu inayostahili muda wako zaidi ni ukuta wenyewe. Kigae laini kinachong'aa, kioo na chuma laini ndivyo vinavyoshika gundi vizuri kuliko vyote. Ukuta wa rangi hufaa iwapo rangi imekauka kwa muda usiopungua wiki moja na haijaanza kuvimba kwa unyevu. Pitisha kiganja: kikirudi na vumbi jeupe, acha, kwa sababu gundi itashika vumbi hilo na si ukuta. Ndiyo maana tepe hizi hazifai katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu, ambazo kuta zake za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa. Hapo huanguka kulabu pamoja na kipande cha chokaa, na aliyepanga hubaki na aibu. Kwenye vigae, hakikisha utepe wote unakaa juu ya kigae kimoja, kwani ukivuka mstari wa saruji kati ya kigae na kigae, maji hupenya nyuma yake kupitia mfereji huo.

Kigae kinachoonekana safi kwa macho huwa na utando wa sabuni na mafuta ya mwili, na kukiosha kwa sabuni ya maji huongeza utando mwingine. Ikiwa nyumba inatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama zilivyo nyumba nyingi za pwani, utaona pia ukoko mweupe; usugue kwa siki, usuuze kwa maji, kisha uache pakauke kabisa. Baada ya hapo futa kwa kitambaa safi chenye spiriti ya duka la dawa, isiyo na manukato wala mafuta, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kwa sababu spiriti hushika moto upesi. Fanya kazi hii saa ambazo hakuna aliyetoka kuoga, na wakati wa masika, kuta zinapotoka jasho, subiri siku kavu.

Uzito nao upimwe. Taulo kubwa kavu ni jepesi, lakini likiloa uzito wake huongezeka sana, na chupa ya shampuu ya lita moja ni karibu kilo nzima. Pakiti huandika uzito wa juu unaoruhusiwa. Mimi hutundika nusu yake tu, na sijajutia tahadhari hiyo.

Weka alama ya penseli, bandika utepe kwanza nyuma ya kulabu huku ulimi ukielekea chini, kisha ondoa karatasi ya pili na ukandamize ukutani kwa nguvu kwa sekunde 30. Kama kulabu ina kibao kinachochomoka, ichomoe ukandamize kibao chenyewe. Sasa subiri saa 24 bila kutundika kitu wala kurusha maji hapo. Mwenye bafu moja aoge kwa ndoo na kata siku hiyo, au abandike asubuhi ya safari. Niliwahi kutundika rafu ya sabuni baada ya saa moja tu kwa kuwa wageni walikuwa njiani. Ilianguka saa nane usiku, na nyumba nzima ikaamka ikidhani mwizi ameingia.

Siku ya kuhama, shika kulabu kwa mkono mmoja bila kuibana, kisha vuta ulimi polepole kuelekea chini, utepe ukiambaa na ukuta, mpaka uachie wote. Usiuvute kuja kwako hata kidogo, kwani hapo ndipo rangi hubanduka. Ulimi ukikatika, pasha moto kulabu kwa mashine ya kukaushia nywele, umeme ukiwa mbali na maji, halafu pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake kama anayekata kwa msumeno. Utepe uliotumika hutupwa, ila kulabu hudumu, na tepe za akiba huuzwa peke yake.

Kuna kifaa kimoja ambacho sitakibandika kwa gundi ya aina yoyote, nacho ni kishikio cha ukutani cha mzee, mgonjwa au mjamzito anayehitaji kujishikilia anapoinuka. Hicho kinataka skrubu na fundi, na mwenye nyumba aombwe ruhusa mapema, hata kama jibu lake litakuwa kukata amana.