Somo: Kupona baada ya kutolewa kizazi, na namna ya kupima kama uko tayari kurudi kazini

Ukiuliza utarudi kazini lini, wengi watakujibu "wiki 6". Si jibu baya, ila halitoshi. Wiki 6 ni hesabu ya mshono. Haijui kama kazi yako ni ya kukaa mezani au ya kubeba maboksi, wala haijui ulipasuliwa kwa njia gani. Kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu matatu

Uliza na uandike: upasuaji ulipita wapi (tumboni, ukeni au kwa matundu madogo), mlango wa kizazi umetolewa au umebaki, ovari (vifuko vya mayai) zimetolewa au zimebaki.

Aliyepasuliwa tumbo kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8. Wa ukeni na wa matundu wengi huweza kazi nyepesi kati ya wiki ya 2 na ya 4, kazi nzito baada ya wiki ya 6. Ila angalia jambo moja: mlango wa kizazi ukitolewa, sehemu ya juu ya uke hushonwa, iwe ulipasuliwa kwa njia yoyote ile. Mshono huo huuoni. Mwenye matundu matatu ya sentimita moja moja hujitazama tumboni, akaona amepona, akainua ndoo. Kusema kweli, hao wa matundu ndio tunaowahofia zaidi kuliko wenye mshono mrefu, kwa sababu wa mshono mrefu wanazuiwa na maumivu.

Ovari zote mbili zikitolewa, ukomo wa hedhi huingia mara moja: joto la ghafla, jasho usiku, usingizi wa mang'amung'amu. Zungumza na daktari kuhusu homoni kabla ya kuruhusiwa, hasa kama hujafika miaka 45.

Hatua ya 2: Siku za mwanzo

Kuamka kitandani kuna namna yake. Usiinuke kwa tumbo. Kunja magoti, geukia ubavu mzima mzima (mabega na nyonga pamoja), shusha miguu ukingoni, kisha jisukume kwa mkono wa juu na kiwiko cha chini. Kaa dakika moja kizunguzungu kipite, ndipo usimame. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto juu ya mshono.

Dawa ya maumivu inywe kwa saa, usingoje yakuzidie. Parasetamo ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye uzito chini ya kilo 50 apunguziwe na daktari. Mtu mwenye maumivu hatembei wala havuti pumzi ndani, na hapo ndipo damu huganda miguuni na mapafu huzibwa na makohozi. Chezesha nyayo juu na chini mara kadhaa kila saa ukiwa macho.

Maumivu ya bega baada ya upasuaji wa matundu huwatisha watu bure. Ni gesi iliyotumika kulitanua tumbo. Hukera kiwambo chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya hapo hupeleka maumivu begani. Huisha kwa siku chache, na kutembea husaidia. Maumivu ya kifua yanayoambatana na kukosa pumzi ni jambo jingine kabisa; hayo ni ya kukimbizwa hospitali.

Choo kinastahili maneno yake. Dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini hufunga choo, na kujikamua huusukuma mshono wa ndani moja kwa moja. Omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kunywa maji ya kutosha, na ukikaa chooni weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapite kiuno.

Hatua ya 3: Wiki ya 1 hadi ya 6

Tembea. Anza na dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, ongeza kidogo kidogo. Wengi hufika dakika 30 au zaidi ndani ya wiki 3. Kama leo umetembea na kesho yake huwezi kuinuka, jana ulizidisha. Rudi nusu.

Usiinue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Tupime: ndoo ya lita 10 ikijaa maji ni kilo 10. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia hapo hapo. Mwache apande kwenye kochi mwenyewe ndipo umpakate. Kupiga deki, kufua kwa mkono na kusukuma samani navyo vimo kwenye marufuku, maana tumbo hukaza hata kama hujainua kitu. Kidonda cha wiki 3 kina takribani asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na huchukua miezi 3 hivi kukaribia 80. Juu kimefunga, chini bado.

Kuoga kwa maji ya kumiminika ni sawa mara bendeji ikitolewa. Kausha mshono kwa kugusagusa, usisugue. Ukeni usiingize kitu chochote: si tamponi, si kujisafisha ndani, si tendo la ndoa, angalau wiki 6. Wapasuaji wengi husema wiki 8 hadi 12 kwa waliofanyiwa kwa matundu. Fuata la daktari wako.

Mpira wa mkojo ukishatoka na mkojo unapita vizuri, anza mazoezi ya misuli ya nyonga: kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia hadi sekunde 10, achia, rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Usibane pumzi.

Dalili zisizongoja miadi: pedi moja kujaa damu ndani ya saa moja, maji mengi kutoka ukeni ghafla, kitu kujitokeza ukeni, homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu unaonuka vibaya, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, mkojo kugoma, kutapika huku tumbo likijaa na choo kimefunga.

Hatua ya 4: Pima kazi ukiwa nyumbani

Usiamue kwa kalenda peke yake. Andika kazi yako inataka nini hasa: saa ngapi za kukaa, za kusimama, uzito gani, safari ya urefu gani. Kisha iige siku mbili mfululizo. Amka saa ile ile, vaa nguo za kazini, kaa kwenye kiti kigumu saa 4 au simama kama unavyosimama kazini, usilale mchana. Kinachopima ni siku ya pili. Ya kwanza karibu kila mtu huimudu.

Ukifaulu, rudi kwa nusu siku wiki ya kwanza, na uanze katikati ya wiki ili mapumziko yawe karibu. Cheti cha daktari kitaje mipaka yenyewe: "asiinue zaidi ya kilo 5 hadi tarehe fulani". "Kazi nyepesi" kila msimamizi huitafsiri apendavyo.

Ukifika wiki ya 6 bado unahema ukipanda ngazi, usiulaumu mshono kabla ya kupima damu. Wengi walitolewa kizazi kwa sababu ya kutokwa damu nyingi, na waliingia chumba cha upasuaji tayari damu ni pungufu. Vidonge vya madini ya chuma visinywewe na chai wala maziwa, na kwa kawaida huendelea miezi 3 baada ya kipimo kurudi sawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada zangu, niko wiki ya 5, nimeona kipande cha uzi kwenye pedi na damu kidogo. Mshono umefumuka?
Hapana, kwa maelezo hayo. Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe na vipande hutoka hivyo hivyo. Ukiona damu nyekundu inaongezeka au maji yanamwagika, nenda leo hii.

Mwajiri ametoa wiki 4 tu, nami nasimama saa 9 kwa siku. Nilipasuliwa tumbo.
Rudi kwa daktari aliyekupasua kabla wiki ya 4 haijaisha, ukiwa na ile orodha ya kazi yako. Omba nyongeza, au cheti chenye masharti: kiti, mapumziko ya dakika 10 kila saa, hakuna kubeba.

Kuendesha gari je?
Ukiweza kukanyaga breki kwa nguvu zote bila kusita. Jaribu gari likiwa limezimwa. Kwa wengi ni wiki 2 hadi 6. Na kamwe usiendeshe ukiwa kwenye dawa za kusinzisha. Uliza pia bima yako.

Naulizia mke wangu. Ovari zimebaki, hedhi hakuna, lakini kila mwezi anavimba matiti na kukasirika. Ni kawaida?
Kawaida, kaka. Ovari zinaendelea na mzunguko wake. Kilichoondoka ni mahali pa kutokea damu. Kama analia karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, mpeleke akaonane na daktari.

Bado nahitaji kipimo cha mlango wa kizazi?
Kama mlango umebaki, ndiyo, kwa ratiba ile ile. Kama umetolewa na sababu haikuwa saratani wala chembe zilizobadilika, kwa kawaida hapana. Ndiyo maana ya lile swali la pili la wodini; kama hukuliuliza, liko kwenye ripoti ya upasuaji, iombe.