Jinsi ya kuwaingiza kwenye UFC watu wa maskani wanaojua Simba na Yanga tu

Kila maskani Unguja ina yule mtu mmoja anaejua UFC, yale mapigano ya Kimarekani ya ngumi, mateke na kukabana, anajua rekodi za watu mpaka uzito wao, anaamka alfajiri peke yake anaangalia kwenye simu kajifunika shuka, halafu akija barazani kueleza hamna anaemsikiliza kwa sababu mada ni Simba kasajili nani. Kama mtu huyo ni weye, hapa ntakwambia namna ya kuwakalisha wenzio mbele ya tv Jumapili moja asubuhi na wakaondoka wanauliza lini tena. Nshaona shughuli hizi zikifana na nshaona zikivunjika katikati watu wakaenda zao kunywa chai, na zikivunjika mara nyingi ni kwa sababu mwenye shughuli kawasha tv tu bila kuwapa watu hadithi, ukimkalisha mtu aangalie wanaume wawili asiowajua wanakumbatiana kwenye ukuta wa waya atakwambia yakhe nirudishie mpira wangu.

Sasa, usiwaambie kuwa ni kitu kipya. Nusu yake washakijua ila hawajui kama wanakijua. Nenda kiwanja chochote jioni, mtu akifunga goli anaanza kutembea kaachia mabega, mikono inaruka mbele na nyuma kama ardhi yote ya babaake, ule mwendo umeenezwa na Conor McGregor, mpiganaji wa UFC wa Ireland. Watoto wakikamatana, anaezidiwa anagonga mkono chini mara mbili tatu ili aachiwe, ndo ishara ya kukubali kushindwa kwenye UFC, na hamna mwalimu wa skuli aliewafundisha hilo. Ndevu za sunna zilikuwepo visiwani kabla hajazaliwa mtu, lakini siku hizi kijana anaingia kwa kinyozi anamuonesha picha ya Khabib, aliekuwa bingwa wa UFC kutoka Dagestan, Urusi, kwenye simu.

Wapenda muvi nao wana mlango wao. Yule jamaa anaepigana na Captain America kwenye meli mwanzo mwanzo wa ile muvi ya 2014 ni Georges St-Pierre, bingwa wa UFC kweli kweli. Ronda Rousey, aliekuwa bingwa wa wanawake wa UFC, yumo Furious 7 ya 2015, anapigana na Michelle Rodriguez na gauni lake. McGregor kaigiza Road House ya 2024, Kamaru Usman kaonekana kidogo kwenye Black Panther ya pili. Na kwa watoto wa katuni, jina la ulingoni la Israel Adesanya, The Last Stylebender, limetoka kwenye katuni ya Avatar. Huhitaji kuyasema yote hayo siku moja, chagua linalomgusa unaetaka kumvuta.

Wazee ndio kazi, na hapa watu wengi wanakosea. Wanamwambia mzee "ni kama ngumi tu lakini wanapiga na mateke". Yakhe, ngumi zenyewe Zanzibar zilikaa marufuku tangu enzi za Mzee Karume, zimekuja kuruhusiwa tena juzijuzi tu wakati wa Rais Hussein Mwinyi, kwa hiyo mtu mzima wa hapa kakua bila ya ulingo wa ngumi mtaani kwake, ukimpa mfano wa ngumi humpi kitu. Kareti anaijua. Judo pia anaijua maana ina miaka mingi hapa na vijana wetu wanashindana nayo. Na kama ni mtu wa Makunduchi basi Mwaka Kogwa anaona watu wazima wanachapana kwa mapande ya migomba hadharani halafu wanakula pamoja, huyo huna haja ya kumueleza kwamba watu wanaweza kupigana bila ya uadui.

Mzee aliekuwa akienda Majestic na Empire enzi za sinema za kareti, mtafutie Enter the Dragon ya 1973, mwanzo kabisa, pale Bruce Lee anapigana na yule kijana mnene. Mwambie aangalie mikono. Wamevaa glavu ndogo zilizoacha vidole nje, wanapiga, wanatupana, na mwisho yule mwengine anazidiwa kwa kubanwa chini, anagonga kuomba aachiwe. Miaka 20 kabla ya UFC ya kwanza. Baada ya hapo mzee ataanza mwenyewe kukuhadithia wewe, muache ahadithie, ushampata.

Atauliza pia kama hii si ile mieleka ya kuigiza. Swali zuri, usimcheke. Mjibu kwamba tangu 2023 UFC na WWE, ndo hiyo mieleka yenyewe, zipo chini ya kampuni moja inaitwa TKO, na Brock Lesnar wa mieleka aliingia UFC akachukua ubingwa wa uzito wa juu 2008 kwa kumpiga Randy Couture, ila mieleka matokeo yanapangwa na UFC hayapangwi. Basi, endelea.

Sasa kuchagua siku. Mapambano mengi makubwa yanafanyika Las Vegas Jumamosi usiku, na kwetu inakuwa Jumapili alfajiri, mapambano makubwa yanaanza baina ya saa kumi na saa kumi na mbili kutegemea ratiba na pia Wamarekani wanabadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka kwa hiyo usitegemee saa ya mwezi ule. Hili watu wanalilalamikia lakini mie naona kwetu ni neema, watu wanatoka kuswali alfajiri wanapita moja kwa moja, pambano kuu linaangukia wakati wa chai. Ramadhani ndo inakuwa tamu zaidi maana mapambano ya utangulizi unayaangalia na daku. Ila kwa mara ya kwanza kabisa, kama unaweza kusubiri, subiri usiku wa Abu Dhabi. Kule wako saa moja tu mbele yetu na mapambano yao mara nyingi yanaanguka jioni na usiku kwetu, hamna wa kulazimishwa kuamka.

Siku mbili tatu kabla anza kumwaga hadithi barazani kidogo kidogo, wakati wa kahawa. Usianze na pambano lijalo, anza na lililopita ambalo halina mtu wa kulikataa, Khabib na McGregor, tarehe 6 Oktoba 2018. Lihadithie kama linavyohadithiwa gomvi la mtaani. Kwamba Aprili ile McGregor na genge lake walivamia basi lililombeba Khabib kule Brooklyn akalirushia kigari cha chuma kioo kikavunjika. Kwamba kwenye mkutano na waandishi kamletea Khabib whisky yake mbele ya kamera huku anajua jamaa ni Muislamu hanywi, na maneno juu ya babaake na nchi yake. Hapo barazani watakuwa washakunja nyuso. Halafu waambie raundi ya pili Khabib, ambae kila mtu alisema anajua kukaba tu, kamuangusha McGregor kwa ngumi, na raundi ya nne kamkunja shingo mpaka kagonga. Na usiwafiche kilichofuata, Khabib kuruka ukuta wa waya kwenda kumvamia mtu wa kona ya McGregor, kafungiwa miezi tisa na faini ya dola 500,000. Hapo ndo baraza litagawika, wengine watasema kafanya sawa wengine watasema kaharibu, na baraza likishagawika kazi yako imekwisha, wewe kunywa kahawa.

Kuna mwengine wa kuhadithia, Francis Ngannou, mtoto wa Batié kule Kameruni aliekuwa akichimba mchanga machimboni toka mdogo, kavuka jangwa, kafika Ulaya, kalala nje Paris, 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mwaka ule ubingwa wa UFC walikuwa nao watu watatu waliozaliwa Afrika kwa wakati mmoja, yeye, Usman na Adesanya. Na 2023 kaingia ngumi za kawaida na Tyson Fury kule Riyadh, kamuangusha raundi ya tatu, kaja kushindwa kwa pointi na majaji wenyewe wakagawika. Wapenda ngumi za bara, hao wa Mwakinyo, hii klipu inawatosha.

Na kina mama wa nyumbani ambao tv ni yao na wewe umewapora Jumapili? Waoneshe mwisho wa pambano la mwisho la Khabib, Oktoba 2020. Babaake ndie aliekuwa mwalimu wake, kafariki Julai ya mwaka ule. Khabib kashinda, kakaa chini katikati ya ulingo analia, halafu kavua glavu kasema hapigani tena kwa sababu kamuahidi mamaake hatopigana bila ya baba. Mapambano 29, hajashindwa hata moja, kaacha. Bi mkubwa akishaona hiyo hutoombwa rimoti tena.

Siku yenyewe, kabla ya pambano kuu, fanya somo la dakika tano na usiliruke hili kwa sababu kelele ya "mbona wamelala tu" ndo inaua shughuli. Chukua vijana wawili wanaoaminiana, mmoja akae chini, mwenzie akae nyuma yake kama amempakia mgongoni. Mkono unapita chini ya kidevu mpaka kiwiko kinakaa katikati ya shingo, kiganja kinashika msuli wa mkono wa pili, mkono wa pili unaingia nyuma ya kichwa. Hapo simama, ASIBANE. Waeleze watu kwamba kinachobanwa ni mishipa ya damu ya pande mbili za shingo kuliko pumzi, ndo maana mtu anazima kwa sekunde chache, na ndo maana ukiona mtu kaupata mgongo wa mwenzie, wote wanaojua mchezo wanasimama. Baada ya somo hilo watu wanaangalia mikono na wanaanza kupiga kelele wenyewe, "kidevu! ficha kidevu!", mtu ambae jana hakujua UFC ni nini.

Watoto wakiwepo kwenye somo waambie mbele ya wakubwa kwamba kukabana shingo kwa mchezo ni marufuku, skuli na barazani, na anaegonga anaachiwa hapo hapo. Na damu ikizidi kwenye tv, watoto wapeleke wakanunue boflo.

Pointi nazo eleza mapema kabla hamna aliekasirika. Raundi ni za dakika tano, pambano la kawaida raundi tatu, la ubingwa tano, na hata pambano kuu lisilo la ubingwa huwa tano. Kila raundi mshindi anapata 10, alieshindwa mara nyingi 9, akipigwa sana 8, majaji watatu. Kinachotazamwa kwanza ni nani kaumiza na nani kakaba kwa faida, kumshikilia mtu ukutani tu bila ya kumfanya kitu hakumpi mtu raundi. Mtu aliezoea mpira anadhani jumla ya ngumi ni kama jumla ya magoli, ndo hapo panatoka ugomvi.

Vitu vya kutayarisha ni vichache. Kama mtu ana king'amuzi chenye michezo vizuri, kama mnatumia simu au laptopu basi bando lichangwe usiku, kebo ijaribiwe usiku, sio alfajiri watu washakaa ndo mnatafuta kebo. Umeme usiuamini, chaji kila kitu. Na kitu kimoja muhimu kuliko vyote, ukiangalia kwa intaneti unachelewa dakika moja mbili nyuma, kwa hiyo wasap zizimwe, kutakuwa na mtu ana binamu yake Dubai anatuma "ALHAMDULILLAH" na nyie bado mpo raundi ya kwanza. Huyo anyang'anywe simu mapema.

Kubeti kusiwepo. Mbali na dini, mtu aliechana mkeka hafurahii tena mchezo, anakaa kununa tu pale kwenye kona na anawanunisha wengine.

Chakula nacho, hii si Marekani ya kula mabawa ya kuku usiku, ni asubuhi. Chai ya maziwa, boflo, maharage ya nazi, bajia kidogo, na kahawa na kashata kwa wazee. Kila mtu achange, na chakula kitoke baina ya pambano la pili la mwisho na pambano kuu maana pale kunakuwa na matangazo marefu na mbwembwe za kuingia ulingoni. Mbwembwe hizo nazo msizipite, nyimbo wanazoingilia na kofia ya manyoya ya Dagestan ni nusu ya burudani, vijana wa kwetu wanaziiga mpaka kwenye maharusi.

Ikiisha, chukua oda hapo hapo, nani anakuja tena, nani anatoa tv, umeme nani anachangia. Tukiacha hilo kwenye grupu la wasap hatuafikiani mpaka Idi.