SOMO: Ukikutana na nahau ya Kiingereza usiyoijua, fanya hivi

Wakuu, inatokea kila siku: maneno yote ya sentensi unayajua, lakini sentensi yenyewe huielewi. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ichukue sentensi kama ilivyo, uone kama inaingia akilini. Mtu akisema "I'm under the weather", usiangalie mawingu, anaumwa kidogo. "He spilled the beans"? Ametoboa siri.

Hatua ya 2: Jiulize imetoka wapi. Hapa ndipo penye utamu, maana misemo mingi ya maofisini imezaliwa viwanjani. "The ball is in your court" ni ya tenisi: uamuzi sasa ni wako. Wamarekani huchota sana kwenye besiboli. "Step up to the plate" ni kujitokeza kubeba jukumu, kama mchezaji anayesogea pale pa kupigia mpira. Sahani ya wali haimo. Waingereza wana kriketi yao. Mtu akisema habari fulani "knocked me for six", imemwacha hoi. Kwenye kriketi, mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kudunda, mpigaji anavuna mikimbio (ndizo pointi zao) 6 kwa mpigo.

Hatua ya 3: Msemaji ni wa wapi? "Let's table this" kwa Mwingereza ni tuilete hoja mezani tuijadili. Kwa Mmarekani ni tuiweke kando! Waweke kikao kimoja uone vurugu.

Hatua ya 4: Pima adabu. "He kicked the bucket" ni amekufa, lakini kwa mzaha, kama "amekata kamba". Kwenye rambirambi andika "passed away".

MASWALI

Swali: Mwanangu anaigiza shuleni, mwalimu kamwambia "break a leg". Ndiyo nini kumwapiza mtoto wa watu avunjike mguu?
Jibu: Tulia mama, kamtakia mafanikio. Watu wa jukwaani huona kutakiana heri waziwazi ni nuksi, ndiyo maana wanageuza.

Swali: "Once in a blue moon" ni kila baada ya muda gani?
Jibu: "Blue moon" ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, nao huja kila baada ya miaka 2 na nusu hivi. Ila kwenye maongezi usihesabu, ni mara chache mno.

Swali: Bosi kaanza barua pepe na "with all due respect". Ananiheshimu?
Jibu: Anakupinga, ndugu yangu. Isome yote kabla hujajibu.

Swali: Ticha, na nahau zetu naweza kuzigeuza hivihivi?
Jibu: Thubutu! Ukimwambia Mzungu kwamba fulani ana mkono wa birika, atamwonea huruma akidhani ni mlemavu. Bahili kwao ni "tight-fisted".